Ziwa Alilolichora Shangazi

Shangazi alipostaafu, nyumba nzima ilihama bila kuhama. Jumatatu kabati la vyombo lilikuwa jikoni, Jumatano limeshakwenda sebuleni. Ijumaa yake Chapu alirudi kutoka saluni miguu inamwaka moto, akajigonga ugoko kwenye kitanda chake mwenyewe, maana kilikuwa kimegeuzwa kikatazama dirisha.

"Shangazi, leo tena?"

"Hapo utapata mwanga," shangazi alijibu kutoka ukumbini, ambako alikuwa anasukuma meza. "Njoo unishikie upande wa pili."

Leo Chapu ni mtu mzima, ana saluni yake na watoto wa kumvuta sketi, lakini ukitaka kumwona akiacha kitana hewani na kichwa cha mteja nusu kimesukwa, mtajie mwaka ule tu. Atatabasamu peke yake kwanza. Kisha atakwambia kwamba wakati huo alikuwa msichana mwembamba, fundi wa kusuka aliyeanza kazi juzijuzi, na jina la Chapu alipewa na wateja kwa sababu ya mikono yake, ila miguu nayo ilistahili jina hilohilo. Alikuwa anaishi kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mjane asiyekuwa na mtoto, na ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa mchora ramani.

Si kwamba alitembea akapima nchi. Hapana. Waliotembea walikuwa wanaume, wakaenda na mahema na fimbo za kupimia, wakarudi wamechomwa na jua na hadithi tele. Akina mama walibaki ofisini. Shangazi alikaa kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, akainamia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Kulikuwa na chombo kama miwani yenye miguu. Ukitazamia humo picha mbili kwa pamoja, vilima vinakuinukia mpaka unataka kuvigusa. Yeye alivigusa kwa kalamu: kahawia kwa miinuko, bluu kwa maji, nyeusi kwa njia za watu. Vilima vya nyuma ya mji, vile ambavyo siku isiyo na vumbi ungeviona kutoka kituo cha basi, vyote vilipita chini ya mkono wake. Karatasi yenyewe aliitundika ukumbini, kwenye fremu, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

"Hivi, shangazi, huko umewahi kufika?" Chapu alimuuliza siku moja.

"Wapi?"

"Huko kwenye vilima vyako."

Shangazi alifuta kioo cha fremu kwa pindo la kanga. "Nani angenipeleka?" alisema, akaenda zake kuhamisha kabati.

Basi siku moja akarudi kutoka sokoni macho yanang'aa. Kwenye ukuta wa shule ya msingi kulikuwa na tangazo: mafunzo ya kutembea porini kwa ramani na dira, kila Jumamosi asubuhi, wote mnakaribishwa.

"Nimeshatuandikisha," alisema, akitua kikapu.

"Tu-nani?"

"Mimi na wewe."

"Shangazi! Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumua!"

"Utapumua huko huko. Hewa ya huko ni nzuri zaidi."

Chapu alinuna siku tatu. Hata hivyo, Jumamosi ilipofika alivaa raba zake akamfuata shangazi, ambaye alikuwa amevaa sketi yake ya ofisini na kubeba mkoba wake wa ofisini, ule mweusi mkubwa wenye mdomo unaojifunga wenyewe ukisikika *tap!*

Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja mkakamavu, mgongo umenyooka kama rula, filimbi shingoni. Wote walimwita Sajenti. Wengine walinong'ona kwamba jeshini alikuwa mpishi tu, na yeye alipousikia uvumi huo alisema, "Ndiyo, nilikuwa mpishi. Mnadhani kikosi kilipopotea porini ni nani alitafutwa wa kwanza?" Darasa likacheka, na tangu hapo hakuna aliyenong'ona tena.

Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota kidevuni: dada wa duka la dawa na mchumba wake, fundi cherehani mmoja mnene mwenye pumu, na wengine wachache. Chumba kilinuka chaki na maziwa yaliyomwagika zamani. Sajenti alichora mistari mitatu ubaoni, yote imetoka nukta moja ikaachana kidogo.

"Hizi zote ni kaskazini," alisema. "Ya kwanza ni ya dunia yenyewe. Ya pili ni ya mistari ya ramani. Ya tatu ni ile inayovuta sindano ya dira. Zimekaribiana, lakini hazielewani."

"Kama mawifi," fundi cherehani alisema, na wote wakavunjika mbavu.

Darasani shangazi alikuwa anaogelea. Ukimwonyesha alama yoyote ya ramani, anakutajia kabla hujamaliza kuuliza. Kasheshe ilianza walipotoka nje. Sajenti aliwasimamisha katikati ya uwanja wa mpira, akawaambia kila mmoja aelekeze kidole kilipo kituo cha basi. Shangazi aliitazama ramani, akaitazama mbingu, akaizungusha shingo kama kuku anayetafuta alipotagia, kisha akanyoosha kidole kwa kujiamini kabisa upande wa makaburi.

"Geuza karatasi, mama," Sajenti alimwambia kwa upole. "Shingo iache ilipo."

"Lakini maandishi yatakuwa miguu juu!"

"Yaache yawe miguu juu. Huendi kuyasoma, unakwenda kutembea."

Shangazi hakulipenda hilo hata chembe. Kwa maisha yake yote kaskazini ilikuwa juu ya meza, upande wa dirisha. Kumbe ukisimama nje inaweza kuwa nyuma yako, inaweza kuwa kwapani.

Kwa Chapu mambo yalikuwa kinyume chake. Miguu yake ilijua kila kitu na kichwa hakijui chochote. Mpeleke popote mara moja, atarudi hata ukimfunga macho. Ila ukimpa ramani aliona mistari ya kahawia imejiviringisha kama alama ya kidole gumba, basi. Alipoulizwa kilima kiko wapi alisema, "Kilima? Hapa naona tambi."

Jumapili moja mchana alikuwa anamsuka shangazi nywele. Shangazi alikaa chini kwenye mkeka, mgongo umeegemea magoti ya Chapu, ramani mapajani. Redio ilikuwa inaimba chini chini kwa jirani. Shangazi akauliza, "Hapo nyuma ya sikio unasuka mistari minene au myembamba?"

"Myembamba. Hapa kichwa kinashuka ghafla, lazima niibananishe."

"Na utosini?"

"Utosini naiachanisha. Kumelala."

Shangazi alinyanyua ramani mpaka usawa wa macho ya Chapu. "Basi soma hapa."

Chapu aliangalia. Mistari ilibanana upande mmoja, ikaachana upande wa pili, ikafunga duara dogo juu kabisa. Mikono yake ikasimama. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani ya karatasi: kichwa kile kikamwinukia, kina kisogo, kina paji, kina bonde la nyuma ya sikio ambamo maji yangepita.

"Ni kichwa," alinong'ona.

"Ni kichwa cha mtu mkaidi sana," shangazi alisema. "Mimi nimekisuka miezi sita. Endelea sasa, nywele zinakauka."

Baada ya hapo zile Jumamosi zikawa tamu. Waliamka kabla ya jua kupata nguvu, wakajaza chupa ya chai, wakapakia mikate na mayai ya kuchemsha, wakaenda kupotea. Walipotea kweli. Siku moja walitafuta daraja wakatokea kwenye banda la bata mzinga, na dume moja likawafukuza mpaka barabarani, shangazi anakimbia huku amejikinga kwa ramani. Siku nyingine walibishana juu ya kijito mpaka wakafika mahali kijito hakipo. Shangazi alishika karatasi na dira, Chapu akashika nchi. "Mbele kuna mteremko," anasema mmoja. "Naukanyaga," anajibu mwingine. Jioni walirudi wameloa, wamechanika, wana njaa, na Chapu anakumbuka kwamba tangu siku ile ya bata mzinga kabati la vyombo halikuhama tena. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, Sajenti aliwatangazia safari ya mwisho. Wangepelekwa kwa lori mpaka chini ya vilima, kisha kila wawili wachukue njia yao wenyewe kwa ramani na dira mpaka upande wa pili, ambako yeye angekuwa anawangoja kwenye ncha ya ziwa dogo. Alilitaja ziwa hilo kwa jina la kawaida tu, kama mtu anayetaja duka la kona. Shangazi aliinua kichwa.

"Lile kama sikio?" aliuliza.

"Lile kama sikio. Unalifahamu?"

"Nimelichora," shangazi alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Sijaliona."

Sajenti alimtazama. Alipogawa karatasi za njia, njia ya kupitia shingo ya vilima, pale palipolala kati ya vilele viwili, ile ambayo ndiyo ndefu lakini inalifunua ziwa lote kutoka juu, aliiweka mkononi mwa shangazi.

Siku ya safari ilianza kwa ugomvi mdogo juu ya mkoba.

"Mama, tunakwenda mlimani, si kwenye kikao," Sajenti alisema.

"Mkoba huu umenitoa mbali," shangazi alimjibu, akaukumbatia. "Na una mayai."

Lori liliwashusha wawili wawili kando ya barabara, umande ungali kwenye majani. Shangazi na Chapu walianza kwa mwendo mzuri. Njia ilipanda taratibu kati ya vichaka, na kila walipofika mahali pa kukata shauri, shangazi alisimama, akakifanya kile alichokizoea: anaweka mkoba mbele ya tumbo kama kimeza, anatandaza ramani juu yake, anaweka dira juu ya ramani, anageuza, anakunja uso, anaelekeza kidole. Alikuwa anaimba puani. Chapu alikuwa hajawahi kumsikia akiimba.

Kisha ukungu ukashuka. Haukuja kwa vitisho. Kilele kilifutika kwanza, halafu kilima kizima, halafu mti wa karibu, mpaka wakabaki wawili ndani ya kitu cheupe, na sauti zao zimekuwa nzito kama za watu waliojifunika blanketi.

"Hakuna neno," shangazi alisema. "Dira haihitaji kuona." Akaweka mkoba, ramani, dira. "Kule."

Wakaenda kule. Baada ya muda Chapu alihisi vidole vya miguu vinasukumwa mbele ya raba.

"Shangazi, tunashuka."

"Hatuwezi kushuka. Shingo iko juu."

"Miguu yangu inashuka."

"Dira inasema huku."

"Basi dira imekufa!"

"Dira haifi. Twende."

Wakashuka. Majani yakawa marefu, ardhi ikawa tope, na mwisho wakatumbukia kwenye korongo lenye mawe yanayoteleza, maji yanasikika ukunguni upande fulani. Chapu alianguka akachubuka viganja. Alipoinuka, hasira yote ya njaa na baridi na hofu ilimpanda kichwani kwa mkupuo.

"Nilikwambia! Nilikwambia tunashuka! Lakini wewe husikii, wewe unajua tu! Milima yenyewe umejifunzia mezani!"

Lilipomtoka tu alitamani alirudishe. Shangazi alitafuta jiwe, akakaa, akaweka mkoba kando, dira juu yake, na mikono mapajani. Ukungu ulikuwa umempamba matone kwenye nyusi. Kwa mara ya kwanza Chapu aliona kwamba shangazi yake ni mtu anayeweza kuzeeka.

"Ni kweli," shangazi alisema hatimaye. "Mezani."

"Shangazi, sikuwa na maana..."

"Ngoja. Kila mwaka niliomba niende nao. Nilimwomba bosi wa kwanza, akacheka. Wa pili hakucheka, alisema hakuna hema la wanawake. Nikamwambia nitashona mwenyewe. Kweli nilishona, unajua? Kwa mashine ya marehemu mume wangu. Likakaa chini ya kitanda mpaka panya wakalila." Alipangusa uso kwa kiganja. "Wale vijana walikuwa wakirudi nawauliza, likoje lile ziwa? Wananiambia, ni ziwa tu, dada, ni maji. Sasa niko hapa, miguu yangu yote miwili iko hapa, na bado sijui niko wapi."

Chapu alipiga magoti kwenye tope. Aliichukua dira kutoka juu ya mkoba ampe mkononi. Njiani, kati ya mkoba na mkono, sindano ilichezacheza, ikazunguka kama kichaa, ikatulia. Ilitulia upande mwingine kabisa.

Wote wawili waliiona.

"Irudishe," shangazi alisema polepole.

Chapu akairudisha juu ya mkoba. Sindano ikageuka kama mbwa aliyeitwa na bwana wake, ikaelekea mdomo wa mkoba. Akaiondoa, ikarudi. Akaiweka, ikageuka.

Shangazi aliufungua mkoba, akauachia. *Tap!*

"Sumaku," alisema.

"Sumaku," Chapu alisema.

Walitazamana. Kicheko kilimwanza nani Chapu hajui mpaka leo. Anachojua ni kwamba shangazi alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye jiwe, akakaa topeni na sketi yake ya ofisini, machozi yanachuruzika, anajaribu kusema kitu na hawezi. "Darasani..." alisema. "Darasani nilikuwa naiweka kwenye dawati!" Akashindwa tena. Kila walipotaka kunyamaza mmoja alisema "una mayai," wakaanza upya.

Walipopata pumzi, waliyala yale mayai. Mkoba ulifungwa mgongoni mwa Chapu kwa kanga, kama mtoto mtundu, na amri ikatolewa kwamba asisogee karibu na dira hata kidogo.

"Sasa nisikilizie maji," shangazi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Yako mangapi?"

Chapu alitega sikio, akashuka kidogo, akarudi. "Ni vijito viwili. Vinakutana pale chini, kimoja kinatoka huku kina mawe, kingine kinatoka kule ni kipole."

Shangazi alipitisha kidole kwenye ramani. Alikwenda taratibu, na midomo inacheza. Kisha kidole kikasimama. "Hapa. Hapa nilitumia kalamu nyembamba kuliko zote, na bado nikamwaga wino. Nikaukwangua kwa wembe usiku... wee mtoto, tuko hapa!" Aligonga karatasi kama mtu anayebisha hodi. "Tuko hapa kabisa!"

Kutoka hapo mpaka shingoni ilikuwa ni kupanda ndani ya weupe, na Sajenti alikuwa amewafundisha namna ya kufanya. Shangazi alishika dira, Chapu akatangulia mpaka karibu kumezwa na ukungu. "Kushoto!" shangazi akapiga kelele. "Kushoto kidogo tena! Hapo! Simama!" Chapu akasimama kama mti, shangazi akapanda mpaka alipo, akamgusa bega, na Chapu akaondoka tena.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Chapu huisimulia polepole. Anasema ukifika mbali na kugeuka nyuma, unamwona shangazi kama kivuli tu, mkono umeinuliwa. Halafu hata kivuli kinakwisha, inabaki sauti: "Kulia, mwanangu. Hapo hapo. Nakuja." Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Alimwita mtoto, alimwita wewe, alimwita Chapu, lakini mwanangu hakuwahi. Chapu alisimama mahali pake na macho yanamchoma, akajifanya ni baridi. Waliendelea hivyo, kusimama na kuguswa bega, hata akasahau uchovu, akatamani tu kilima kiwe kirefu zaidi.

Ghafla upepo ukawapiga usoni, na ardhi ikalala.

"Shingo," Chapu alisema. "Shangazi, kumelala. Ni utosi!"

Shangazi alifika, akamgusa bega, na hakuondoa mkono. Mbele yao ukungu ulikuwa unachanika, unapita vipande vipande kama pamba, na kupitia tundu moja kulionekana majani, kupitia lingine ukingo wa mawe, kisha pazia lote likavutwa upande mmoja. Ziwa lilikuwa chini yao.

Lilikuwa kama sikio kweli. Lilikuwa na ndewe yake, lina kikunjo chake cha juu ambako matete yalisimama. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama ramani, kisha tena ziwa. Chapu alisubiri aseme neno kubwa.

"Kumbe si la bluu," shangazi alisema.

Lilikuwa la kijivu na kijani, na upande mmoja karibu jeusi. Waliteremka. Kadiri walivyolikaribia, shangazi alikuwa anasimama simama kutaja vitu ambavyo havikuwa kwenye karatasi yake, tena kwa sauti ya mtu anayelalamika, kana kwamba alifichwa kwa makusudi. Vyura. Harufu ile kama ya chuma na majani mabichi. Ndege mdogo mwenye mkia unaotikisika. "Hivi kwa nini hawakuniambia kuna vyura?" aliuliza. Ukingoni alivua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri na kuziweka ndani ya viatu, akaingia majini mpaka ndamani. Alisimama hapo amempa Chapu mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Chapu alikaa kwenye mawe na ule mkoba mgongoni, akamwachia nafasi yake.

Filimbi ilisikika kutoka ncha ya pili. Sajenti alikuwa anakuja karibu mbio, akiwa hana kofia, na nyuma yake dada wa duka la dawa na chupa ya chai.

"Wenzenu wamefika zamani!" alifoka. "Zamani! Nimepanda kule mara mbili! Mnajua nimewaza nini? Mama, wewe ni wa kunitoa roho?" Kisha akaona shangazi yuko majini, sketi imekunjwa, uso umelowa. Alikaa chini, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Sajenti," shangazi alimwambia bila kugeuka, "mkoba wangu una sumaku."

Mzee wa watu alisimamisha mikono kwenye kamba. Alimtazama Chapu, akautazama mkoba, akaufunika uso kwa kiganja. "Jumamosi zote zile," alisema. "Na mimi najiuliza huyu mama nimemkosea wapi." Akavua viatu, akaingia naye majini.

Jioni ile walirudi mjini nyuma ya lori, wamebanana, fundi cherehani anakoroma begani kwa kila mtu kwa zamu. Shangazi alikuwa amejiegemeza kwa Chapu. Vilima vilirudi nyuma, vikawa vya zambarau, vikawa vidogo kama vinavyoonekana kutoka kituo cha basi. Chapu alikuwa hajui wakati ule kwamba anaishi siku ambayo ataitamani maisha yake yote. Aliwaza maji ya moto na sahani ya wali, na kwamba kesho kutwa kuna bibi harusi wa kusukwa.

Walirudi huko mara nyingi. Shangazi na Sajenti wakawa wanatembea pamoja kila mafunzo yalipofungwa, na watu wa mtaani wakasubiri harusi, wakasubiri, harusi haikuja. Walichotaka wao ni kutembea. Chapu alikwenda nao mpaka mwaka alipopata mume na mji mwingine, mbali, mji tambarare usio na kilima hata cha kusingizia. Sajenti alifariki miaka michache baadaye, kwa ugonjwa mfupi. Shangazi alimzika kwa macho makavu, na alipofika nyumbani ndipo akalia.

Sasa magoti ya shangazi hayataki tena. Anakaa na mdogo wake Chapu, yule wa mwisho kuzaliwa, ambaye humlalamikia dada yake kwamba shangazi anataka kujua kila kitu. Jumapili mchana hupiga simu saluni, na sauti yake imekuwa nyembamba, lazima Chapu azime mashine ya kukaushia nywele ndipo asikie. Hamuulizi habari za wateja, wala bei ya sukari.

"Huko kwenu kuna mawingu?"

"Yapo, shangazi."

"Yanatoka upande gani?"

Wateja wanamtazama. Chapu anaweka kitana, anatoka na simu yake mpaka mlangoni, anashuka kwenye ngazi, anasimama barabarani katikati ya watu na pikipiki, anainua uso.

"Subiri kidogo," anasema. "Ngoja nigeuke."